Wageni Niliowapa Ndoo

Shughuli yote iligharimu shilingi laki tatu na elfu arobaini na tatu. Nimejumlisha mara mbili, kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, na jibu ni lile lile. Humo mna kuku wanane kutoka Tingi, mchele kilo ishirini, soda kreti tatu, turubai na viti vya kukodi, na mafuta na nyanya na vitunguu. Wazazi walichanga laki mbili na sitini. Zilizobaki zilitoka kwenye mfuko wangu wa usipa, na kwa anayenijua hiyo ndiyo habari ya kushangaza kuliko zote. Mimi huuza usipa, dagaa wa ziwa letu, Mbinga mjini kwa kipimo cha kisado, na sijawahi kumpa mteja nyongeza bila kwanza kumwangalia usoni nione kama anastahili. Siku ile nilitoa bila kuombwa. Fedha hizo sizidai. Ningeshukuru kama hasara ingeishia hapo.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma. Barabara inashuka kutoka milimani, inapita nyuma ya shule ya msingi na kwenda zake. Mbele ya shule ni mchanga, halafu maji. Ng'ambo ya maji ni Malawi. Sisi hatukuwahi kuhesabu kule kuwa ni nchi ya nje. Shangazi yangu ameolewa kule. Wakati wa sikukuu za kanisa watu wanavuka kuja huku na sisi tunavuka kwenda kule, na tukikutana tunaongea Kinyasa, wao na cha kwao na sisi na cha kwetu, tukichekana kidogo kwa matamshi, basi. Nchi ya nje ni ile unayoikuta kwenye televisheni.

Mwalimu wa kike alipopangiwa shule yetu akitokea Tanga, alikuja na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Watoto walimwita Madam, na sisi wazazi tukaiga. Alikuwa amesoma Kifaransa chuoni. Alipoona mtaala mpya unaruhusu lugha za kigeni, akamwomba mwalimu mkuu kipindi kimoja, kila Ijumaa mchana. Alichora ramani ya dunia kwenye ukuta wa darasa la sita kwa rangi zilizobaki kwenye ujenzi wa choo, ndiyo maana Afrika yetu ni ya kijani na Ulaya ni ya kijivu. Watoto wakajifunza kusalimiana kwa Kifaransa. Wakajifunza na mambo mengine: watoto wa nchi nyingine wanakula nini asubuhi, wanateka maji wapi, wanaogopa nini. Mwanangu wa mwisho alirudi nyumbani akaniuliza, "Mama, hivi sisi ni wa nje kwa nani?" Nilimwambia aoshe vyombo.

Wazazi hawakukipenda kipindi. Kwenye mkutano mzee mmoja mvuvi aliuliza, "Hicho Kifaransa kitavuta nyavu?" Mwingine akadakia, "Darasa la saba wanafeli hesabu, nyie mnawafundisha kusalimiana." Mwalimu mkuu, mtu wa Iringa, mpole, asiyependa ugomvi, akatafuta njia ya katikati. Alisema Madam anatafuta shule rafiki katika nchi nyingine. Ikipatikana, wageni waje, wazazi wajionee wenyewe, halafu mkutano upige kura: kipindi cha Ijumaa kibaki, au kipewe hesabu. Madam alikubali. Usoni alikuwa kama mtu aliyewekewa bei asiyoweza kuipunguza.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Nilimuunga mkono tangu siku ile, tena kwa sauti, na watu wakasema mama yule ameona mbali. Nilikuwa nimeona madawati. Niliwahi kusikia, nikiwa sokoni Maguu, kwamba shule fulani ilipata wageni kutoka nje na wageni wakaacha madawati arobaini na mpira. Nikapiga hesabu zangu. Kipindi kimoja kwa wiki, kwa madawati arobaini, ni biashara ambayo hata mjinga haikatai. Kwamba watoto wangejifunza kitu nilichukulia kuwa ni nyongeza, kama mwenye duka anavyokutupia pipi.

Siku Madam alipopata shule rafiki alinifuata gengeni, anahema. Nilikuwa nabishana na mnunuzi kutoka Mbinga aliyetaka gunia la usipa kwa bei ya nusu gunia.

"Shikamoo mama. Mama Mwenyekiti, tumepata! Wamekubali kuja. Mwalimu anafundisha Kifaransa kama mimi, na wanafunzi wake, huwezi kuamini, wao wame..."

"Marahaba, ngoja kwanza. Wangapi?"

"Saba. Mwalimu mmoja na watoto sita. Na mama, nchi yenyewe ni..."

"Nchi utaniambia. Saba na dereva, au saba bila dereva?"

"Saba tu mama."

"Wanakula nini?"

Akacheka. "Kila kitu."

"Saba," nikasema, na nikarudi kwa mnunuzi wangu. Idadi niliiuliza mara mbili. Nchi sikuiuliza hata mara moja, na hakuna mzazi mwingine aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alijua jibu. Wageni wa nje, tena wa Kifaransa. Ni wazungu. Nilipiga mahesabu ya kuku mmoja kwa kila mgeni na mmoja wa akiba.

Watoto walijua. Madam alikuwa amewaonyesha kwenye ramani. Nani anawauliza watoto?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Madam na mwalimu mkuu waliondoka asubuhi kwa bodaboda kwenda Mbamba Bay kuwapokea wageni. Niliposikia Mbamba Bay nikaona kichwani gari jeupe limetoka Songea, limepita Mbinga, limeteremka milima yote ile na kusimama pale. Niliwapanga watoto barabarani kwa mistari miwili, kila mmoja na tawi la mti mkononi, nikawaambia wasiondoke hata mvua ikinyesha. Kisha nikarudi jikoni.

Jiko letu la shughuli liko nyuma ya shule, upande wa ziwa, mawe matatu matatu na sufuria za kuazima kanisani. Tulikuwa wanawake tisa. Kuku walikuwa wamechinjwa, bado kunyonyolewa. Kuni mbichi, moshi mwingi, na mimi katikati nikitoa amri.

Ndipo wakaja watu kutoka ufukweni. Mwanamke wa makamo, kitenge kiunoni kimelowa mpaka magotini, begi kichwani, na nyuma yake vijana sita wa umri wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, miguu ina mchanga. Walikuwa wameteremka kwenye mtumbwi wa mashine. Mwanamke akatusalimia kwa Kinyasa, kile cha ng'ambo. Tukaitikia. Akatuuliza tumeamkaje, watoto wameamkaje, na moto unasumbuaje. Hatukumuuliza ametoka wapi, maana tulisikia matamshi yake.

Huku kwetu kuna desturi moja. Mwanamke akifika mahali wanawake wenzake wako kazini, hasimami na mikono kifuani akisubiri kukaribishwa. Anaweka mzigo chini, anainama, anashika kilicho karibu. Maswali yanafuata baadaye, mikono ikiwa inakwenda. Asiyefanya hivyo tunamsema mwaka mzima. Kwa hiyo yule mama alipoweka begi chini na kukaza kitenge chake, mimi sikuona ajabu. Nilimpa kisu na beseni la vitunguu.

"Dada," nikamwambia, "watu wa ng'ambo mna pua. Wali haujaiva, nyie mmeshaunusa toka katikati ya maji!"

Wenzangu wakacheka. Yeye pia alicheka.

"Sisi ndio wale wa..." akaanza.

"Najua, ndio wale. Sote ni wale. Hawa watoto wako wana nguvu? Wewe na wewe, ndoo hizo, maji. Wewe mrefu, kuni. Mabinti, njooni kwenye kuku."

Watoto walimwangalia. Akawaambia neno moja kwa sauti ya chini, nao wakashika kazi.

Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, niliwahesabu. Mama mmoja, watoto sita. Saba. Nikahesabu tena, saba. Niliwahesabu ili nijue sahani ngapi zitapungua. Namba ile ile niliyokuwa nimeibeba kichwani wiki tatu ilikuwa imesimama mbele yangu inanyonyoa kuku, na mimi nikaiandika upande wa hasara.

Baada ya muda akauliza, anakata vitunguu, hanitazami, "Na Mwalimu wenu yuko wapi?"

"Amefuata wageni Mbamba Bay."

"Wageni gani?"

"Wa kutoka nje. Wazungu, wanafundisha Kifaransa. Wakipenda shule yetu watatuachia madawati."

Kisu kilisimama. Aliwaangalia watoto wake mmoja mmoja, kisha akaniangalia mimi, na nikadhani machozi yale ni ya vitunguu. "Basi inabidi chakula kiive mapema," akasema, na akaendelea kukata.

Ilipofika saa sita gari lilikuwa halijaonekana. Wale watoto wa ng'ambo walikuwa wamefanya kazi kwelikweli, na njaa ilionekana usoni. Mimi si mtu wa kumnyima chakula aliyefanya kazi. Niliwapakulia ugali na usipa wa jana, wakala wamekaa chini nyuma ya jiko, upande wa moshi. Wali na kuku vilikuwa vya wageni.

Kabla ya kula, binti mmoja, mwembamba, nywele zimenyolewa kama wanafunzi wote, alinijia. Alisimama wima, mikono nyuma, akavuta pumzi. Halafu akasema kwa Kiswahili:

"Samahani mama. Ninaomba kuuliza. Je, maji ya kunawa mikono yanapatikana wapi?"

Kila neno lilikaa mahali pake, limenyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu wa kule akiongea hivyo. Wao na sisi ni Kinyasa, siku zote. Ikanichekesha.

"Heee! Jamani nyamazeni," nikawaita wenzangu, "taarifa ya habari imeanza!"

Wanawake tisa tukacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mwingine akasema, "Muulize na hali ya hewa!" Tukaanza upya. Nikamjibu yule binti kwa Kinyasa, nikiigiza sauti yake ya kunyoosha, kwamba maji ya kunawa yanapatikana kwenye pipa.

Hakulia. Angelia ningemwonea huruma na mambo yangekuwa tofauti. Alikwenda kwenye pipa, akanawa, akakaa na wenzake. Mama aliyekuja nao alikuwa anakoroga mchuzi na hakugeuka, ila mkono ulikuwa umeacha kukoroga.

Saa saba kasoro nikasikia bodaboda. Madam alishuka, mtandio umejaa vumbi, mwalimu mkuu nyuma yake.

"Mama Mwenyekiti, tumewakosa! Tumeambiwa walifika jana jioni, wakapita uhamiaji, wakalala pale, na alfajiri wakachukua mtumbwi kuja huku. Simu haishiki. Sijui wako wapi, na ziwa lilivyokuwa na upepo!"

"Huku hawajafika," nikamwambia. "Watoto wako barabarani tangu saa tatu. Mtumbwi? Wazungu na mtumbwi?"

"Wazungu gani?" akauliza Madam.

Halafu hakuniangalia tena. Alikuwa anaangalia nyuma yangu. Yule mama alikuwa amesimama, anafuta mikono kwenye kitenge, manyoya ya kuku yamemganda kwenye kiwiko. Madam akapiga ukelele, akasema maneno ya Kifaransa. Na yule mama, aliyekuwa anaongea Kinyasa kama shangazi yangu, akajibu kwa Kifaransa, kirefu, bila kusita, wakakumbatiana. Nilisimama na mwiko mkononi. Sufuria lilikuwa linaungua nalisikia, na sikuweza kuinama.

Mwalimu mkuu akauliza, "Wamefika muda mrefu?"

Wenzangu wanane walikuwa wamepata kazi za ghafla. Madam alitazama ndoo, akatazama rundo la manyoya, akatazama sahani za bati pale chini. Mama wa ng'ambo akamwekea mkono begani na kusema sentensi moja kwa Kinyasa, huku ananitazama mimi. Madam ni wa Tanga na mwalimu mkuu ni wa Iringa. Hawakielewi.

"Anasemaje?" Madam akaniuliza.

Ikabidi nitafsiri. "Anasema," nikamwambia, "anasema wamepokelewa kama watu wa nyumbani."

Ndiyo kazi ya ukalimani ya kwanza na ya mwisho niliyowahi kufanya, na malipo yake sijamaliza kuyapokea.

Watoto waliitwa kutoka barabarani, matawi yamenyauka. Wageni walibadilisha nguo darasani, wakatoka na sare, na ghafla kila mtu aliona kwamba ni wageni. Sare za kijani na tai! Wazazi walijaa chini ya turubai wakitazamana. Niliwasikia wakinong'ona, "Wazungu wako wapi?" "Ndio hao." "Wapi?" Tuliwapakulia wageni wali na kuku, na wao, wakiwa wameshiba ugali wangu, walikula kwa heshima, taratibu, kama mtu anayemeza dawa. Watoto wetu waliimba salamu za Kifaransa. Wao wakaimba. Ilipendeza, sikatai.

Kisha ikawa zamu ya yule binti mwembamba kusema neno kwa niaba ya wenzake. Hakuwa na karatasi, alikuwa amekariri. Alisimama mbele, mikono nyuma, akavuta pumzi vile vile. Macho yake yakapita juu ya wazazi, yakafika kwetu, wanawake wa jikoni, tuliosimama karibu na masufuria. Yalikaa hapo kidogo. Kisha akafungua mdomo na kusema yote kwa Kiingereza, haraka, akaketi.

Mwalimu mkuu alipiga makofi. Wazazi nao wakapiga, bila kuelewa hata neno. Madam aliniinamia akanong'ona, "Sijui imekuwaje. Hotuba ilikuwa ya Kiswahili. Shule yao imeanza Kiswahili mwaka huu, na huyu ndiye wa kwanza darasani. Alinitumia sauti wiki iliyopita nimsahihishe. Mama, hakuwa na kosa hata moja. Ndicho nilichotaka wazazi wasikie: watoto wa nchi nyingine wanakuja kujifunza lugha kwetu."

Sikumwambia kitu. Kulikuwa na kelele, na kelele ni kisingizio kizuri.

Walipokuwa wanajiandaa kuondoka nilimfuata yule binti. Aliniona, akapiga goti kidogo kama watoto wetu wanavyofanya kwa wakubwa, akanisalimia kwa Kinyasa. Nilitaka kusema. Nilikuwa nimelipanga neno tangu kwenye masufuria. Nikampa soda. Mtu mzima na akili zangu, nimesimama mbele ya mtoto niliyemvunja moyo, nikampa soda, tena ya moto. Akaipokea kwa mikono miwili.

Mama yake, namwita mama yake ingawa ni mwalimu wake, nilimsindikiza mpaka kwenye maji.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, ukanipa kisu." Akacheka, kidogo tu. "Halafu ukasema wazungu. Nikaona nikisema pale mbele ya wenzako, utajificha wapi? Jiko lenyewe halina hata ukuta. Nikasema tupike kwanza, Mwalimu akija atasema yeye."

"Nisamehe, dada."

"Mimi nimefanya kazi jikoni tangu nazaliwa, kisu hakinipunguzii kitu." Alipandisha begi mtumbwini. "Mtoto je?"

Mashine ikawashwa, na sikuhitaji kujibu.

Mkutano wa kura ulifanyika baada ya wiki mbili. Niliuongoza mimi, kwa sababu ndiyo kazi ya mwenyekiti. Mzee mvuvi alisimama wa kwanza. "Tumechanga elfu mbili mbili kulisha wajomba zetu? Mimi nina shemeji kule. Naongea naye bure, na simlishi kuku." Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema kama lugha za kigeni zenyewe ndizo za wale, basi sisi tumeshafaulu wote, tupewe vyeti.

Madam alisimama. Alisema polepole kwamba watu wanaoongea lugha kama yetu, wakaishi chini ya bendera nyingine, wakasoma historia nyingine, hao ndio mtoto anaanza nao kuijua dunia, kwa sababu atawaelewa na bado atashangaa. Alisema watoto wale walikuja hapa kutafuta Kiswahili, na walimu wao wa Kiswahili tungeweza kuwa sisi, watoto wetu, sisi wazazi, bila madawati ya mtu. Watu walianza kunyamaza. Nakwambia ukweli, kulikuwa na dakika pale ambapo mkutano ulikuwa unageuka. Mimi nimekaa sokoni miaka mingi, najua mnunuzi anavyoonekana anapokaribia kukubali.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Madam, unasema wanajifunza Kiswahili. Mbona yule binti hakusema hata neno moja la Kiswahili?"

Madam aligeuka akanitazama, si kwa kunishuku, kwa kuomba msaada, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa upande wake siku zote. Wanawake wanane wa jikoni walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, na wote wanane walitazama chini. Jibu lilikuwa kwetu. Lilikuwa jepesi. Alisema, tukamcheka, nilianza mimi. Maneno manne.

"Tuendelee na ajenda," nikasema.

Mikono ikanyooshwa. Niliihesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Kumi na tisa kipindi kibaki, arobaini na mmoja kiende. Mkono wangu ulikuwa kwenye wale kumi na tisa, nikauinua juu kabisa ili Madam auone. Sijui kama kuna kitu nimewahi kufanya chenye aibu kuliko kuuinua mkono ule.

Siku hizi Ijumaa mchana ni hesabu. Madam anafundisha yeye, na anafundisha vizuri. Tukikutana njiani ananipa shikamoo yake ile ile. Mwezi uliopita alinipitia gengeni, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniambia kosa lilikuwa lake. "Nilimharakisha yule mtoto, mama. Hakuwa tayari kusimama mbele ya watu. Ningempa muda." Anaamini hivyo. Habari ya ndoo na vitunguu anaijua, na ameshaicheka. Habari ya kicheko hajaambiwa na mtu. Nilimfungia usipa wa elfu tano kwenye mfuko, nikakataa fedha yake, akanishukuru.

Juzi mama wa ng'ambo ametuma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, kwa Kinyasa. Shule yao inawakaribisha watoto wetu kumi, likizo ijayo, walale majumbani kwa wiki moja, waongee Kiswahili na wenzao. Kiswahili chao bado kinaendelea. Amesema yule binti ameomba mgeni mmoja alale kwao. Kisha amesema, "Na wewe dada, uje nao." Nimeusikiliza mara mbili, nikausikiliza tena.

Ili watoto waende, wazazi lazima wakubali mkutanoni, na wazazi wale wanaamini hakuna lugha iliyokuja huku wala itakayorudi. Sababu ya kuamini hivyo ninayo mimi. Nikisimama na kusema, Madam atasikia mbele ya watu wote kwamba nilimwacha ajilaumu miezi yote hii. Nikimwambia yeye kwanza faraghani, wanawake wanane watajua nimewasema. Na nikivuka kwa binti kabla ya hao wote, nitakuwa nimekwenda kutafuta msamaha wa mtoto kwa sababu ndio rahisi kupatikana.

Nimeuza na kununua tangu nikiwa msichana, na kila bei nimeijua mahali pa kuanzia. Hii siijui. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, hasa kama ni mwalimu, au kama uliwahi kuchekwa kwa lugha uliyojifunza kwa jasho: nianze na nani? Na nikifika mbele ya yule binti, nimwombe radhi kwa Kinyasa, ambacho hakitanigharimu kitu, au kwa Kiswahili, nikisubiri anijibu kwa lugha anayotaka yeye? Niambie kabla ya likizo. Watoto kumi wameshaanza kuuliza tunaondoka lini.